Habari Tukufu za Hasaji Aliyevaa Nira ya Ng'ombe Usiku wa Taa Nane

Habari hizi nusu yake niliiona kwa macho yangu nikiwa nimekaa kitako, na nusu nyingine niliambiwa na mume wangu majira ya baridi ya mwaka juzi, usiku wa tatu wa Hanuka, sikukuu yetu Wayahudi ya taa za siku nane, baada ya yeye kuificha kifuani miaka arobaini na mbili. Jina lake Hasaji. Kwetu mke hamtaji mumewe kwa jina, nami tangu niolewe sijalitamka hata mara moja. Lakini kuandika si kutamka, na aliyekuwa akinichunga nisikosee amekwisha kufa.

Basi sogeeni, mlio karibu na mlio mbali, mliokunja miguu mkekani na mliosimama mlangoni mkiona haya kuingia. Mwenye karai motoni aliepue, yasije yakamfika yaliyomfika shujaa wetu. Nawasimulia vita vilivyopiganwa katika nyumba moja ya Nagaon, pwani ya Konkan, baina ya majeshi mawili yenye mtu mmojammoja, vita ambavyo havikumwaga damu ila tone moja, nalo lilitoka kwenye kidole gumba.

Nyumba yetu ilikuwa nyumba ya mafuta. Baba zake Hasaji walishindika nazi kizazi baada ya kizazi, na kwa kuwa kila Jumamosi kinu kilinyamaza na ng'ombe akapumzika kama muumini, majirani walituita Washindika Mafuta wa Jumamosi, ingawa Jumamosi ndiyo siku pekee tusiyoshindika. Katika nyumba hiyo alitawala Sigulabai, mama yake Hasaji, mjane, Ngome ya Jikoni, Mlinzi wa Funguo, ambaye ufunguo wa kabati la sukari ulilala naye mto mmoja. Na katika nyumba hiyo niliingia mimi, Yemima, bibi harusi wa miezi mitatu, nikiwa na masanduku mawili ya nguo, elimu ya darasa la tatu, na kiburi ambacho hata sanduku la tatu lisingekitosha.

Ipo desturi ya zamani kwetu. Taa za Hanuka zinapowaka, mwanamke hafanyi kazi. Hafui, hashoni, hapiki. Hukaa akazitazama, maana taa zile ni za kutazamwa tu, si za kufanyia kazi. Wengine husema nusu saa yatosha. Lakini mama yangu mzazi, kule Revdanda, alikaa mpaka taa ya mwisho ijifie yenyewe. Jambo hilo nililitangaza usiku wa saba, mbele ya majirani wawili, kwa sauti ambayo nikiikumbuka leo natamani kuimeza.

"Mpaka zife zote?" aliuliza Sigulabai.

"Zote, mama."

"Na mpishi wenu alikuwa nani? Malaika?"

"Chakula kilipikwa mchana, mama."

"Kumbe. Basi kesho na sisi tutakaa mpaka zife. Isije ikasemwa kwamba watu wa mafuta hawana heshima ya mafuta."

Majirani wakatazamana. Vita vikawa vimetangazwa.

Sasa jueni kilichokuwa hatarini, maana bila hicho habari hii ni ya wanawake wawili wakaidi tu. Sigulabai alikuwa na ndugu mmoja duniani, Binyaminji, mtu mnene mwenye pua kubwa na maneno machache. Miaka minne nyuma, kwenye harusi ya watu, Binyaminji alinusa sahani akasema wageni wakisikia, "Mafuta ya dada yangu yana harufu ya moshi." Kuanzia siku hiyo hawakusemezana. Naye sasa alikuwa amekwisha kuuza minazi yake, na mwezi uliofuata angepanda meli na wanawe kuhamia Nchi Takatifu, asirudi tena. Akatuma neno kwa dereva wa basi: usiku wa nane wa Hanuka, saa mbili, atakuja kwa dada yake, ale bajia moja ya moto iliyokaangwa kwa mafuta ya nyumba ile, aseme ukweli wake, na yaishe. Asipokuta bajia atajua dada yake hataki yaishe, naye ataondoka.

Sigulabai aliposikia neno hilo alichukua kikapu. Nilimwona akichagua viazi sokoni, kimoja kimoja, kama mtu achaguaye mchumba wa bintiye.

Mpango ulikuwa mwepesi. Taa zingewashwa saa kumi na mbili jioni. Kwa mafuta ya kawaida zingekwisha kabla ya saa moja na nusu. Tungeinuka sote wawili na heshima zetu, tungekaanga, na saa mbili mgeni angekuta sahani inatoa mvuke. Unga wa dengu ulikwisha kukorogwa na bizari na kotmiri. Viazi vilikwisha kukatwa. Hata mtoto asingeuharibu mpango ule. Tuliuharibu sisi.

Alasiri ya siku ya nane Sigulabai aliiteremsha taa yetu ya shaba, akaving'oa vikombe vyake vidogo, akapachika bilauri za chai. Bilauri tisa, nane za Hanuka na moja ya taa mtumishi, ambayo kazi yake ni kuwawashia wenzake. Kwa kawaida maji hutiwa chini, na mafuta huelea juu yake unene wa kidole kimoja. Nikachukua gudulia la maji.

"Kwenu mliwasha maji?" aliuliza Sigulabai.

Nikaliweka gudulia chini. Yeye akajaza bilauri ya kwanza kwa mafuta matupu mpaka ukingoni. Mimi nikajaza ya pili mpaka yakatuna juu ya ukingo kama jicho. Akajaza ya tatu. Nikajaza ya nne. Hakuna aliyetazama ndani ya mtungi wa mafuta, ambao ndio pekee uliobaki nyumbani, mengine yote yakiwa yamekwisha kwenda sokoni, kwa sababu kila mmoja alikuwa akitazama mkono wa mwenzake.

Wazee wetu wa kale, walipoliteka tena Hekalu, walikuta kichupa cha mafuta ya siku moja, nacho kikawaka siku nane. Sisi tulikuwa na mtungi wa siku nane, tukaumaliza kwa alasiri moja. Muujiza wetu ulikwenda kinyumenyume.

Jioni Hasaji alirudi kutoka sinagogi, akanawa, akawasha, akasoma baraka, akaimba kwa sauti ile ambayo Mungu alimpa mtu mwingine na yeye akaiazima bila ruhusa. Miali tisa ikasimama mirefu kama masuke. Sigulabai akakaa kwenye kiti chake cha mkono. Nami nikakaa kwenye kibao. Tukazitazama taa.

Saa moja ikapita. Saa moja na robo. Mafuta yalikuwa yameshuka upana wa ukucha.

"Mama," nilisema, "mjomba anakuja saa mbili."

"Najua ndugu yangu anakuja saa ngapi."

"Bajia hazijakaangwa."

"Basi inuka ukaange."

"Taa zinawaka, mama." Kisha shetani akanisukuma, nikaongeza, "Labda wewe, mama. Hapa kwenu nusu saa ilikuwa inatosha."

Sigulabai akaivuta sari yake, akajifunika vizuri kichwa. "Ilitosha mpaka ulipokuja kutufundisha dini."

Ningeweza kuinuka. Mimi ndiye niliyekuwa mdogo, mimi ndiye niliyekuwa mgeni, na yule aliyekuwa akisubiriwa si ndugu yangu. Niliiona mikono ya Sigulabai ikikunja pindo la sari, ikilikunjua, ikilikunja tena. Niliiona, na sikuinuka. Mlima haujitikisi, nilijiambia. Mlima wenyewe ulikuwa na miaka kumi na tisa.

Hapo ndipo aliposimama Hasaji, Simba wa Kinu, Bwana wa Mbata, ambaye mpaka siku ile jiko alilijua kwa harufu tu.

"Enyi wanawake wawili wa maisha yangu," alisema, mkono kifuani, "mmoja aliyenizaa na mmoja niliyemuoa kwa ushauri wa aliyenizaa. Ikiwa wanawake wamekaa, wanaume watainuka. Mjomba atakula bajia usiku huu, hata ikinibidi kuikaanga kwa mikono yangu. Karai liko wapi?"

"Penye makarai," alisema mama yake.

Akaenda. Tukasikia vyombo vikianguka, vitatu, kisha cha nne. Akarudi na mtungi umepinduliwa kichwa chini.

"Mama, mafuta yako wapi?"

Macho yetu, yangu na ya Sigulabai, yalikwenda mahali pamoja kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Mafuta yalikuwa pale mbele yetu, bilauri tisa, yanawaka. Nayo yalikwisha kuwekwa wakfu kwa taa, hayaliki wala hayaguswi.

"Nikaazime kwa jirani?" aliuliza Hasaji.

"Mshindika mafuta akaazime mafuta?" alisema Sigulabai. "Lisikie soko zima? Asikie Binyaminji?"

Hasaji akatikisa kichwa, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Kuanzia hapa naandika alichoniambia yeye.

Kinu chetu kilikuwa chini ya kibanda nyuma ya jiko. Ndani ya banda lake alilala Sardar, ng'ombe dume mwenye nundu kama mlima na rai zake mwenyewe. Sardar alikuwa amefanya kazi tangu alfajiri, na katika maisha yake yote hakuwahi kuzunguka kinu baada ya jua kutua.

"Ewe Sardar," alisema Hasaji akiwa ameshika taa ya chemli, "mtukufu wa pembe, uliyekula mashudu yangu miaka sita bila kunishukuru. Sikuombi mengi. Nakuomba mizunguko arobaini tu, kwa ajili ya mama yangu na ndugu yake wa pekee. Simama, na jina lako litasimuliwa."

Sardar alicheua. Hasaji akamvuta kamba, Sardar akaweka kidevu chini. Akamsukuma kwa nyuma. Ninazosimulia hapa ni habari za heshima, kwa hiyo sitaandika Sardar alijibu nini kwa nyuma.

Basi Hasaji akakatakata mbata, akajikata kidole gumba, akazimimina kinuni, na mwisho wa yote akainama, akaiinua nira, akaivaa begani mwake mwenyewe. Akavuta. Kinu kikalia kwii. Akazunguka mara kumi, mara ishirini, mara thelathini, akaenda kuchungulia. Hakuna hata tone. Maana siku zote ng'ombe ndiye aliyevuta, na Hasaji ndiye aliyekalia mti wa kinu ili uzito wake uzikamue nazi. Sasa aliyekaa alikuwa amegeuka ng'ombe, na juu ya mti hapakuwa na mtu.

Akaanza tena hivyohivyo. Nilimwuliza, mwaka juzi, kwa nini alianza tena hali akijua hakuna uzito. Akasema, "Ningefanya nini? Niwarudie ninyi wawili?"

Mzunguko wa arobaini na kitu, sauti ikatoka gizani.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mjomba. Hasaji."

"Ng'ombe amekufa?"

"Hajafa. Yule pale anatutazama."

Binyaminji alikuwa ameshuka basi mapema, akasikia kinu usiku, akapita kwa nyuma. Aliiangalia nira. Aliuangalia mti mtupu. Hasaji akamweleza yote, bilauri, mtungi, wanawake wawili kitini.

"Dada yangu amekaa?"

"Amekaa."

"Na mkeo?"

"Amekaa."

"Na nani atainuka kwanza?"

"Atakuja Masihi kwanza, mjomba."

Mabega ya Binyaminji yakaanza kutikisika, na ilimchukua Hasaji muda kuelewa kwamba yule mtu anacheka. Kisha akavua koti lake jipya la safari, akalitundika kwenye pembe ya Sardar, ambaye hakupinga, akapanda, akaukalia mti wa kinu. Mti ukaguna.

"Vuta, mpwa wangu," alisema. "Miaka minne nasema mafuta haya yana moshi. Acha nione yanakotokea."

Ndani sebuleni sisi tulisikia kinu tu.

"Sardar leo anahema vibaya," alisema Sigulabai.

"Labda ana mafua, mama."

"Na tangu lini Sardar anasema 'mgongo wangu'?"

"Wanyama hujifunza mengi kwa kukaa na watu, mama."

Akanitazama kwa pembe ya jicho. Baada ya kitambo akasema, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mguu wangu umekufa ganzi."

"Wangu pia. Yote miwili."

"Usiupige. Utauma zaidi."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu ya kwanza ya mapatano, na hakuna mpiga zumari aliyeyatangaza.

Nyuma, mafuta yalikuwa yanachuruzika, kikombe kimoja na nusu, meupe, yenye uvuguvugu. Kabla hajashuka, Binyaminji alimwapisha mpwa wake. "Mama yako asijue maisha yake yote. Akijua nimemsaidia, atasema nilikuja na ushindi mfukoni. Wala mkeo."

"Mke wangu si mtu wa maneno."

"Mpwa wangu, nimewasikia tangu barabarani."

Kisha Hasaji akaingia vitani mara ya pili, mbele ya jiko. Bajia za mkupuo wa kwanza alizitia kabla mafuta hayajachemka, zikayeyuka zikawa uji. Za mkupuo wa pili aliziogopa, akasimama mbali nazo mpaka zikawa kandambili. Moshi ukatufikia sebuleni; Sigulabai akafumba macho. Mkupuo wa tatu ukatoa saba, sita nyeusi upande mmoja, na moja, kwa rehema zake Mola, ya rangi ya dhahabu pande zote. Binyaminji, ambaye muda wote alikuwa dirishani akinong'ona "geuza, geuza, geuza sasa", akazunguka nyumba na kubisha mlango wa mbele kama mtu aliyefika sasa hivi. Saa mbili na nusu.

"Basi lilichelewa," alisema.

"Mabasi ya siku hizi," alisema Sigulabai. Hayo yalikuwa maneno yao ya kwanza baada ya miaka minne.

Hasaji akatoka jikoni, masizi usoni, kidole kimefungwa kitambaa, begani shati limechanika, na sahani mikononi kana kwamba amebeba taji. Binyaminji akachukua bajia, nyeusi. Akatafuna. Akatafuna muda mrefu kuliko bajia yoyote inavyostahili.

"Nasikia moshi," alisema.

Pindo la sari likakoma kukunjwa.

"Moshi wa bajia," alisema Binyaminji. "Mpishi huyu angeunguza hata maji. Lakini mafuta ni safi, dada. Hayana kitu. Miaka minne iliyopita nilikosea mimi. Mimi, au pua hii."

Sigulabai alilinyoosha pindo la sari magotini. "Pua hiyo kubwa tangu utotoni. Ilikuwa lazima ikosee siku moja." Akaisogeza sahani. "Kula nyingine."

"Dada, nimekuja kupatana, sikuja kufa."

Basi andikeni, enyi wenye kalamu, na msio na kalamu kumbukeni: usiku wa nane wa Hanuka, katika nyumba iliyokwisha mafuta kwa wingi wa mafuta, Hasaji Mvaa Nira, Mshinda Karai, aliyemfundisha ng'ombe maana ya kazi na ng'ombe asijifunze, aliiweka bajia ya dhahabu kwenye kiganja cha mama yake. Falme zimeanguka kwa kidogo kuliko hicho. Sigulabai akaivunja katikati, na bila kunitazama akaninyooshea nusu.

Jambo moja zaidi niliona usiku ule nisilielewe. Binyaminji alipoinama kumbusu dada yake, Sigulabai alitoa begani mwa koti lake jipya unyoya mmoja mweupe wa ng'ombe. Akautazama mbele ya taa. Akaupuliza, ukaenda zake, wala hakusema neno, si usiku ule, si siku ya meli, wala miaka yote arobaini na zaidi iliyofuata.

Nilimwambia Hasaji habari ya unyoya huo mwaka juzi, usiku uleule aliponifungulia siri yake. Tulikuwa tumekaa mbele ya taa ileile ya shaba, taa tatu na mtumishi wao, kwenye vikombe vyake vidogo, na maji chini. Sigulabai alikuwa na miezi minne kaburini.

"Kumbe alijua," alisema.

"Alijua tangu 'mgongo wangu'. Kisha ikawaje, baada ya mjomba kulala?"

"Niliosha karai. Nikampa Sardar majani, ingawa hakustahili. Niliporudi taa zote tisa bado zinawaka, na ninyi wawili mmelala mmekaa, vichwa vimeelekeana kama vibuyu. Nikawafunika kwa blanketi moja."

"Nani alilala kwanza? Mimi au yeye?"

"Ah," alisema, akatabasamu macho yamefumbwa. "Kwanza alilala..."

Nikangoja. Miaka arobaini na mbili nimeungoja ushindi huo. Nikamwangalia, na kumbe naye amesinzia, mdomo wazi, miguu nje ya shuka alilojifunika, kwenye baridi ile yetu ambayo mtu wa milimani angeiita kiangazi.

Taa zilikuwa bado zinawaka, zote tatu. Nikatazama upande wa kiti cha mkono kitupu. Kisha nikainuka, nikamfunika miguu, nikarudi upesi kukaa kabla marehemu hajaniona, nami nikalala.